Viwavijeshi vamizi wanarudi baada ya kupiga dawa: wanatoka wapi?

*“Nina ekari moja na nusu ya mahindi hapa Kilosa, nilipanda tarehe 5 Machi. Wiki mbili na nusu baadaye majani yakaanza kuwa na vidirisha. Nilipiga dawa tarehe 28 Machi mchana, nikarudia tarehe 2 Aprili na tarehe 9 Aprili, dawa ile ile niliyouziwa dukani, mwishoni jina lake lina ‘-methrin’. Wengi walikufa na shamba likatulia. Sasa ni mwisho wa Aprili, mahindi yamefika kifuani, na viwavi wadogo wa kijani wamejaa tena. Nikifukua udongo chini ya mashina napata vidude vya kahawia vinavyochezesha ncha. Je, wanazaliwa kwenye udongo? Hao wadogo wa kijani na wale wakubwa weusi wa mwanzo ni wadudu wawili tofauti? Nimwage dawa ardhini? Na nikishavuna nichome mabua?”*

Ndugu msomaji, umefanya jambo ambalo wakulima wengi hawalifanyi: umeandika tarehe. Kwa tarehe hizo tunaweza kueleza karibu kila kitu kilichotokea shambani kwako. Nijibu kwanza kwa kifupi, kisha tuingie ndani. Hawazaliwi kwenye udongo, wanapita tu humo. Wadogo wa kijani na wakubwa weusi ni mdudu mmoja katika umri tofauti. Dawa ya kumwaga ardhini usinunue. Na kuchoma mabua hakutamgusa mdudu huyu, ingawa kuna mdudu mwingine anayeguswa, nitamtaja baadaye.

Maelezo yako yanaelekea kwa kiwavijeshi vamizi, yule aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania na Kenya mwaka 2017. Mhakikishe mwenyewe kwa kumshika kiwavi mkubwa. Usoni ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Ukiona vyote viwili, ni yeye. Rangi ya mwili usiitegemee, kwa sababu ndugu hawa wanaweza kuwa kijani, kahawia au karibu nyeusi.

Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na nondo. Nondo jike hutaga usiku, mayai 100 hadi 200 kwa rundo moja, mara nyingi upande wa chini wa jani mmea ukiwa mdogo, kisha huyafunika kwa manyoya anayoyatoa tumboni mwake. Ndiyo maana rundo huonekana kama kipande kidogo cha ukungu wa kijivu kilichogandamana kwenye jani. Jike mmoja hufikisha wastani wa mayai 1,500 katika maisha yake. Kwa joto la Kilosa mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu tu.

Kiwavi anapotoka kwenye yai ana urefu wa milimita 1.7 hivi, kichwa cheusi, mwili wa rangi ya maziwa inayokwenda kijani. Hula kwanza ganda la yai lake. Kisha wengi huteremka kwa uzi wa hariri na upepo huwasukuma hadi mimea ya jirani, na hapo ndipo rundo moja la mayai linapogeuka kuwa tatizo la mashina kadhaa. Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu vile vidirisha unavyoviona vina maana yake. Taya za kiwavi wa umri huu hazina nguvu ya kutoboa jani. Anakwangua nyama ya jani upande mmoja na kuacha ngozi ya upande wa pili, nyembamba na yenye kupitisha mwanga. Kwa hiyo kidirisha kinakuambia kwamba aliyekula hapa ana siku chache tu tangu aanguliwe. Tundu lililotoboka, lenye kingo zilizochanika, ni kazi ya aliyekwisha kukomaa.

Kutoka hapo hadi anaposhuka ardhini, kiwavi hupita katika vipindi sita vya ukuaji, na kati ya kipindi na kipindi hujivua gamba. Mdudu hana mifupa ndani. Kinachomshikilia ni gamba la nje, nalo halitanuki kwa kadiri anavyoongezeka. Ni kama mtoto na sare ya shule, mwili ukizidi lazima inunuliwe nyingine. Kiwavi akikaribia kujivua huacha kula kwa saa kadhaa na kutulia. Chini ya gamba la zamani anatengeneza jipya, laini na lenye mikunjo, huku majimaji yakiyeyusha la zamani kutoka ndani. Ukimtazama kwa makini wakati huo utaona kichwa ni kidogo kupita mwili, na nyuma yake shingo imevimba: ndani ya uvimbe huo kuna kichwa kipya. Gamba hupasuka nyuma ya kichwa, kofia ya zamani ya kichwa hudondoka peke yake, na kiwavi hutambaa akitoka. Kwa muda mfupi kichwa chake ni kikubwa na cha rangi hafifu, kisha huwa kigumu na kukolea. Taya nazo ni mpya na kubwa zaidi. Ndiyo sababu uharibifu haupandi polepole, unapanda kwa kuruka.

Kwa joto la nyuzi 25 hivi, kipindi cha kwanza huchukua siku tatu na kitu, vinne vinavyofuata siku moja na nusu hadi mbili kila kimoja, na cha sita karibu siku nne. Jumla ni kama wiki mbili. Katika muda huo anatoka milimita 1.7 hadi zaidi ya milimita 30. Sasa tazama ulaji wake. Kati ya majani yote atakayokula maishani, vipindi vitatu vya kwanza kwa pamoja havifiki asilimia 2. Kipindi cha nne ni kama asilimia 5, cha tano asilimia 16, na cha sita peke yake asilimia 77. Mkulima anayesubiri mpaka shamba lionekane limeliwa ukiwa barabarani, anakuwa amengoja kiwavi amalize karibu kila alichokuja kufanya. Akipiga dawa siku hiyo na kesho kutwa viwavi wakapotea, anaisifu dawa. Wengi wa viwavi hao hawakufa, walikuwa wameshashuka ardhini.

Na hao ndio vidude vyako vya kahawia. Kiwavi akishashiba hujidondosha, huchimba sentimita 2 hadi 8 na kujitengenezea kijumba chepesi cha udongo na uzi. Udongo ukiwa mgumu mno hujifunga kwenye takataka za majani juu ya ardhi. Humo hujivua tena, safari hii akitokea pupa: urefu wa milimita 14 hadi 18, kahawia inayong'aa, hana mdomo wa kula wala miguu ya kutembea. Ile ncha inayochezeka ni tumbo, sehemu pekee anayoweza kuitikisa. Ukimgeuza kwenye mwanga utaona upande wa kifuani mistari ya mabawa, vipapasio na miguu, yote yamekunjwa na kubanwa.

Nini humfanya kiwavi ajivue na kubaki kiwavi mara tano, kisha mara ya sita ageuke kitu kingine? Kuna homoni mbili. Ya kwanza, ekidisoni, huamuru tu kwamba gamba livuliwe. Ya pili, ambayo tunaweza kuiita homoni ya utoto, huamua kitakachotokea chini ya gamba. Ikiwa nyingi mwilini, atakayetoka ni kiwavi mkubwa zaidi. Kiwavi akifikia uzito wa kutosha katika kipindi cha mwisho, homoni ya utoto hushuka, na agizo lile lile la kujivua huzaa pupa. Ndani ya pupa misuli mingi ya kiwavi na utumbo wake huvunjwavunjwa, na vifungu vidogo vya seli vilivyokuwa vimelala mwilini muda wote huo hutumia mali hiyo kujenga mabawa, macho makubwa na viungo vya uzazi. Si kweli kwamba kila kitu huyeyuka kuwa uji. Sehemu kubwa ya mishipa ya fahamu hubaki na kupangwa upya. Katika mashamba yenye joto kazi hiyo huchukua siku 8 hadi 10, kwenye baridi 20 hadi 30.

Nondo hutoka usiku, hupanda kwenye kitu chochote kilichosimama, hujaza damu kwenye mabawa yaliyosinyaa mpaka yakanyooka. Hatafuni jani hata moja, maana mdomo wake ni mrija wa kunyonya maji matamu ya maua. Huishi wastani wa siku 10. Jike husubiri siku tatu au nne ndipo aanze kutaga, na mengi ya mayai huyataga katika siku nne au tano za mwanzo.

Sasa tuweke tarehe zako juu ya kalenda hii. Vidirisha uliviona yapata tarehe 22 au 23 Machi, kwa hiyo viwavi wa kwanza waliangulika siku chache kabla. Siku nzuri ya kupiga ilikuwa kati ya tarehe 23 na 26. Ulipiga tarehe 28, saa za mchana, wakati sehemu yao wameshaingia ndani ya moyo wa mmea. Waliokufa ni wadogo waliokuwa wazi. Waliobaki waliendelea kula, na kati ya tarehe 5 na 10 Aprili wakashuka ardhini. Dawa ya tarehe 9 iliwapita juu ya vichwa. Ongeza siku 9 au 10 za pupa: nondo walitoka kati ya tarehe 15 na 20. Ongeza siku tatu au nne kabla ya kutaga, na mbili au tatu za yai: viwavi wapya kati ya tarehe 20 na 27 Aprili. Hao ndio unaowaona. Ukimya wa katikati ya Aprili uliouita shamba kutulia ulikuwa ni wao wakiwa chini na hewani. Si wote waliozaliwa shambani kwako, bila shaka. Nondo huyu anaweza kuruka hadi karibu kilomita 100 kwa usiku mmoja, kwa hiyo wengine wamekuja kutoka mashamba ambayo hutayaona kamwe.

Hapo ndipo jibu la dawa ya ardhini lilipo. Pupa hali na hanyonyi chochote, amefungwa kwenye gamba zito, ndani ya kijumba, sentimita kadhaa chini, huku wenzake wametawanyika shamba zima. Dawa utakayomwaga itawapata kwanza siafu, sisimizi na mende wa ardhini, ambao ndio wanaokula mayai, viwavi na pupa kwako bure. Na hata ungewaua wote, nondo wa jirani angetaga usiku huo huo. Unapopalilia, jembe likimfukua pupa, mponde au mwachie kuku. Kulima mapema baada ya mavuno, udongo ugeuzwe na kukaa juani, kunapunguza wale walio chini na kunakugharimu kidogo. Faida yake lakini isikudanganye ukaacha kukagua msimu ujao.

Mabua nayo: mkanganyiko huu unatokana na funza wa mabua, mdudu tuliyekuwa naye miaka mingi kabla ya huyu mgeni. Funza huyo hutoboa shina, hugeuka pupa ndani ya bua, na baadhi ya aina zake hulala humo kiangazi kizima hadi mvua irudi. Kwake yeye, kuondoa mabua au kuwalisha ng'ombe kunakata kizazi. Kiwavijeshi vamizi hana usingizi wa namna hiyo. Kiangazi hukipitisha akiendelea kuzaliana kwenye mahindi ya mabondeni, vinyungu na skimu za umwagiliaji, pamoja na mtama na nyasi. Ukichoma mabua kwa ajili yake unapoteza tu malisho na rutuba.

Uamuzi wa wiki hii ndio muhimu zaidi. Usichukue bomba kabla ya kuhesabu. Ingia shambani hatua tano kutoka ukingoni, tembea kwa mshazari ukikata kona kama herufi W, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea kumi mfululizo kwenye mstari. Hesabu mmea ambao una vidirisha vipya au kinyesi kibichi moyoni, basi. Makovu ya Machi hayahesabiwi. Mahindi ya umri wako, marefu lakini hayajatoa mbelewele, hupigwa dawa kama mimea yenye dalili mpya inafika 20 kati ya hiyo 50, yaani asilimia 40. Mahindi machanga yenye majani machache kizingiti ni kama 10 kati ya 50. Chini ya hapo, mmea unajimudu: majani yaliyoliwa mapema hufidiwa, hasa ukiwa umeweka mbolea ya kukuzia kwa wakati. Shamba lililoliwa majani hutisha macho kuliko linavyopunguza magunia.

Ukifika kizingiti, piga ndani ya siku mbili au tatu, kabla hawajavuka kipindi cha tatu. Kipimo rahisi: wengi wakiwa chini ya sentimita moja, bado uko ndani ya muda. Wakiwa wengi ni wa sentimita mbili na zaidi, na moyo wa mmea umezibwa na kinyesi kama vumbi la mbao lililoloana, dawa haitawafikia, na ni afadhali uokoe fedha. Kwa ekari moja na nusu, watu wawili wanaweza kuwatoa kwa mkono katika mimea iliyoathirika. Kwa kawaida utamkuta kiwavi mkubwa mmoja tu kwa kila moyo, kwa sababu hawa hulana wao kwa wao, na aliyebaki ndiye mshindi.

Piga kuanzia saa kumi na moja jioni. Viwavi hutoka kula usiku, na dawa nyingi huharibiwa na jua kali. Elekeza nozeli juu ya moyo wa kila mmea, dawa iteremke ndani, badala ya kupeperusha bomba juu ya mistari kama unayemwagia bustani maji. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, hakizidishwi wala hakichanganywi na dawa nyingine kwa ushauri wa jirani. Kama ni mahindi ya kuuza mabichi, soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kuhusu aina ya dawa, niwe mkweli. Dawa za kundi la “-methrin” mdudu huyu alishazizoea sehemu nyingi za Amerika kabla hajavuka bahari, na huua kwa kasi wadudu rafiki. Kuipiga mara tatu mfululizo kumewaacha hai wale wanaoistahimili, na hao ndio waliozaa kizazi ulichonacho. Angalia lebo za dawa nyingine. Emamectin benzoate ni kundi namba 6, spinetoram ni namba 5, chlorantraniliprole ni namba 28; namba hiyo huonyesha jinsi dawa inavyoua, na lebo nyingi huiandika. Zote tatu zinafanya kazi vizuri zikikuta viwavi wadogo. Hoja ya kubadilisha dawa wengi wanaielewa nusu. Unabadilisha kundi kwa kila kizazi cha mdudu. Kwa joto la Kilosa kizazi ni kama siku 30. Ukihitaji kupiga mara mbili ndani ya siku hizo, tumia kundi moja. Mwezi unaofuata hamia kundi jingine, ili mtoto asikutane na dawa iliyomshindwa mzazi wake. Mwenye shamba Njombe au Makete ahesabu tofauti, maana kwenye baridi mzunguko mmoja unaweza kuchukua miezi miwili au zaidi.

Zipo pia dawa zinazoingilia ukuaji wenyewe. Lufenuron huzuia gamba jipya lisijengeke sawasawa, na methoxyfenozide huiga ile homoni ya kujivua, kiwavi akajaribu kuvua gamba kabla ya wakati wake. Ni nzuri na huwapa nafuu nyigu na buibui, lakini kiwavi haanguki siku hiyo. Atakufa atakapofika kwenye kujivua. Wapo wakulima waliorudi dukani kugomba kwamba wameuziwa maji, kumbe walikagua asubuhi ya pili. Kwa dawa yoyote ile, subiri siku tatu hadi nne ndipo uhukumu. Dawa za bakteria wa Bt nazo lazima ziliwe, na zinawafaa wachanga tu.

Jivu, mchanga mkavu au udongo? Kidogo, kiasi cha vidole vitatu ndani ya moyo wa mmea, kinawasumbua wachanga kwa kuwakwaruza na kuwakausha, na mvua kubwa ya masika huwazamisha wengi vilevile. Kwa kiwavi aliyejiziba na kinyesi chake ni kazi bure. Sabuni ya unga, chumvi na mafuta ya taa acha kabisa, majani yataungua. Njia iliyo bora kuliko zote kwa shamba la ukubwa wako haiuzwi dukani: wiki tano za kwanza baada ya mahindi kuota, pita mara mbili kwa wiki na uponde marundo ya mayai kwa vidole. Rundo moja ni viwavi 100 au 200 ambao hutawahangaikia. Ukikuta rundo ambalo mayai yote ni meusi tii, usiliponde. Huenda kuna nyigu wadogo mno ndani yake, wanaotaga kwenye mayai ya nondo. Mayai ya kawaida pia huwa na weusi yakikaribia kuanguliwa, kwa hiyo ukiwa na shaka kata kipande cha jani, kifungie kwenye chupa, uone atakayetoka. Kwa misimu ijayo fikiria mfumo wa vuta sukuma uliotengenezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, na washirika wake: desmodiamu, mmea unaowafukuza nondo, kati ya mistari, na nyasi za brakiaria zinazowavuta pembezoni. Unahitaji mbegu na subira ya msimu wa kwanza, ila ukiwa na ng'ombe nyasi hizo zinajilipa.

Ukitaka kalenda ya shamba lako mwenyewe, chukua chupa ya plastiki, weka udongo wenye unyevu kidogo wa kina cha sentimita tano, kiwavi mmoja (mmoja tu, wakiwa wawili utabaki na mmoja), jani bichi la mahindi kila siku, na kitambaa mdomoni. Andika siku anayozama ardhini na siku nondo anapotoka. Mponde kabla hujafungua kitambaa. Namba hiyo itakuwa sahihi kwa joto la kwako kuliko yoyote niliyoandika hapa.

Mbelewele zikishatoka, weka bomba chini. Viwavi watakaoingia kwenye gunzi wamejifunika na maganda, na dawa itabaki kwenye chakula. Kagua ncha za mahindi, toa kwa mkono unaowafikia, vuna mara yanapokauka.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi na inabidi mtu aje shambani. Ukiona jani la katikati limekufa na linang'oka kwa kuvutwa, au shina lina matundu, huenda ni funza wa mabua na mpango wote unabadilika. Majani yakiwa na michirizi ya manjano kisha mmea ukakauka kuanzia moyoni, hiyo si kazi ya kiwavi, yaweza kuwa ugonjwa wa virusi. Na kama umepiga dawa sahihi, jioni, kwa viwavi wadogo, na siku ya nne zaidi ya nusu wanatembea, mwite afisa ugani wa kata. Mwonyeshe chupa ya dawa yenye lebo, na viwavi kadhaa uliowahifadhi kwenye spiriti. Dawa inaweza kuwa bandia, na suala hilo ni la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Wewe uliye Kilosa una bahati nyingine: kituo cha utafiti cha TARI Ilonga kiko wilayani kwako, peleka sampuli pale.

Mtu aliyepiga dawa akipata kizunguzungu, mate mengi, kutapika, macho kufifia au kubanwa kifua, asipewe maziwa wala asilazwe apumzike nyumbani. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali mara moja, na chupa yenye lebo iende naye.